Nilipita Hapo Kwenu

Mwanahawa mama,

Salamu nitakupa mwenyewe jioni nikifika nyumbani, kwa hivyo hapa tusipotezeane wakati. Nimefunga duka saa nane mchana, siku ya kazi, jambo ambalo Ngara nzima haijawahi kuliona. Wekesa jirani yangu, yule wa vifungo na zipu, amegonga mlango mara mbili kuuliza kama nimekufa. Nimemwambia bado, namwandikia balozi. Akasema, "Basi mwambie balozi asisahau sisi watu wa chini." Nimekaa kwenye meza ya kukatia, na karatasi hii ya kaki ndiyo ile ninayochorea mitindo, kwa hivyo ukiona mistari ya mabega na makwapa upande wa nyuma usidhani nimechanganyikiwa.

Mambo ya sweta, ya baridi ya Addis, ya chakula na ya kufunga begi, mamako ameyamaliza. Tangu Jumapili anazungumza na begi lako kuliko anavyozungumza na mimi. Mimi nina jambo moja tu, na ni hilo ambalo mimi na wewe tumelizunguka tangu Jumatatu, tukipishana pale sebuleni kama wageni kwenye mlango mwembamba. Najua ulichoiambia kamati ya chuo. Hukuniambia wewe. Nitakueleza nilivyojua, lakini nikianzia hapo nitaonekana mzuri kuliko nilivyo, na safari hii sitaki.

Nianze na shule yangu. Habari za shule yangu unazijua za aina tatu, maana nimekupa tatu tofauti. Kuna ile ya kwamba niliacha masomo ili nishike kazi ya babu yako. Kuna ile ya mwalimu aliyenionea wivu. Na kuna ile niliyowapa wajomba zako siku ya posa, kwamba nilifika kidato cha nne nikaugua macho. Macho yangu hayajaugua hata siku moja, mama. Natia uzi kwenye sindano bila miwani mpaka leo, na hapo siongezi.

Ukweli ni kwamba mtihani wa darasa la saba niliufanya mara mbili, na mara zote mbili ulinishinda. Mara ya pili nilikaa dawati moja na wadogo wa wenzangu. Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi, kule Mombasa, nami nikaenda kuyasoma peke yangu wakati wa jua kali ili nisikutane na mtu. Niliporudi nyumbani babu yako alikuwa barazani anadarizi kofia. Hakuinua uso. Akaniuliza neno moja: "Umepita?"

Nikamjibu, "Nimepita, baba."

Na nilikuwa nimepita kweli. Nimepita shuleni, nimepita ukutani, nimepita na njia ya sokoni. Hilo ndilo nililojiambia. Babu yako akaweka sindano chini, akaenda msikitini alasiri ile akawaambia watu. Siku mbili watu wakampa mkono wa pongezi. Siku ya tatu akakutana na mwalimu mkuu. Alirudi nyumbani, hakunipiga, hakunigombeza. Alivuta kigoda akakiweka mbele ya cherehani, akaniashiria nikae. Na mimi nimekaa hapo tangu siku hiyo. Kilichoniuma si kigoda. Kilichoniuma ni kwamba ilibidi arudi msikitini.

Sasa, mtu mwenye akili angejifunza palepale. Babako alijifunza kitu kingine: kwamba kwa siku mbili, neno moja lilimfurahisha baba yangu kuliko kazi zangu zote. Nikaliweka neno mfukoni.

Nikaja Nairobi, nikafungua duka hapa Ngara. Nisijisifu sana leo, ingawa unajua ni kama kumwambia Wekesa asile ugali. Lakini hakuna fundi mjini hapa anayeshona joho la mahafali kama mimi. Wengine wanashona gunia lenye mikono. Mimi mikunjo ya mabegani naihesabu, pindo nalikata mtu akiwa amesimama, na kile kitambaa cha rangi cha mgongoni nakilaza kikalala. Nimewavalisha majaji. Nimewavalisha madaktari wa vitabu na madaktari wa sindano. Kuna mheshimiwa mmoja nilimpunguzia kiuno mara tatu akaniapia mbele ya watu kwamba amekonda. Ndipo Ngara ikanibatiza Profesa. "Profesa, chai!" "Profesa, askari wa kanjo wanakuja, toa nguo kwa njia!" Nililiitikia hilo jina mpaka likaanza kunikaa kama nimelipimiwa.

Wewe peke yako hukuwahi kulimeza. Unakumbuka ile siku ya wazazi, ulipokuwa na miaka tisa? Mwalimu mkuu wenu alikuwa haongei ila Kiingereza, hata akipiga chafya. Akaniuliza kazi yangu. Mimi Kiingereza nakisikia, ila kukisema kunanitoa jasho. Nikakwambia kwa sauti kubwa, wazazi wote wasikie: "Mwambie mimi ndiye ninayewavalisha maprofesa wote wa nchi hii, na bila mimi hakuna anayehitimu." Ukanitazama, ukamtazama mwalimu, ukasema kwa Kiingereza chako chembamba: baba yangu ni fundi cherehani.

Maneno matano. Nililisikia kila moja. Njiani kurudi nyumbani Jamhuri nikakuuliza, "Mbona umenipunguza?" Ukasema, "Sijakupunguza baba. Nimesema kazi yako." Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa barabara, na nikamsimulia kila mtu dukani kama kichekesho. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilijua nimezaa mtu anayenisikia.

Kwa hivyo ulipokuwa mkalimani mimi sikushangaa. Mwenyewe umenieleza mara ngapi jinsi mnavyokaa kwenye kile kibanda cha kioo, vidude masikioni, mkubwa anasema kwa lugha yake nawe unamtoa kwa Kiswahili palepale, usiongeze, usipunguze. Nikakuuliza, na akisema upuuzi? Ukasema, "Unatoa upuuzi uleule, baba, kwa sarufi nzuri." Na sasa unaenda Addis kuwasemea marais. Mtoto wa Ngara. Nikilifikiria hilo sindano inaniponyoka.

Halafu likaja hili la ubalozi. Nilikuwa kwenye kiti hiki hiki ulipopiga simu. Uliniambia chuo chako kimekuteua balozi wa heshima, wewe na wenzako watatu, mkiwakilishe popote mtakapokuwa, na kwamba hakuna mshahara wala ofisi, kuna cheti na beji. Ulinieleza vizuri. Ni mimi niliyesikia "balozi" nikaiacha "heshima" ikaanguka chini. Kufikia alasiri Ngara yote ilikuwa inajua.

Wekesa alikuja mbio na futi yake shingoni. "Profesa, niaje! Naskia msichana yako amekuwa balozi. Wa nchi gani?"

"Wa chuo kikuu."

"Chuo ni nchi?"

"Ni kubwa kuliko nchi zingine."

"Na iko na bendera?"

"Iko."

"Sasa hiyo gari ya bendera nani ataendesha? Mimi niko na leseni, Profesa, nisipitwe."

Tulicheka. Lakini wiki ile walikuja wengine ambao hawakuwa wanacheka. Mama mmoja wa mitumba alikuja na pasipoti ya mwanawe ndani ya nailoni, akaishika kwa mikono miwili, akaniomba nikupe umpigie muhuri. Nikamwambia aiache nitaangalia. Nitaangalia nini, mama? Nilikaa na pasipoti ya mtoto wa mtu kwenye droo ya nyuzi wiki kadhaa kwa sababu sikuweza kumwambia kwamba ubalozi wako hauna muhuri. Furaha uliyompa mtu kwa uongo ni ngumu kuidai tena. Hilo ndilo somo pekee ninaloweza kusema nimelisoma mpaka mwisho, na bado kila mara nafeli mtihani wake.

Sasa sikiliza la Bi. Achieng'. Ndiye anayeshughulikia wahitimu pale chuoni, na ndiye aliyekuja dukani kuandika habari za nyumbani kwa ajili ya kile kijitabu cha kuwatambulisha mabalozi. Mwanamke mpole, kalamu tayari. Akaangalia majoho yaliyoning'inia, akaniuliza, "Na wewe mzee, ulisomea wapi?"

Mwanahawa, ningeweza kusema neno lolote. Ningeweza kusema Mombasa. Ningeweza kusema, sikusoma, dada, andika fundi. Nililiona lile neno la zamani linatoka mfukoni lenyewe.

Nikasema, "Aa, mimi nilipita hapo kwenu kitambo."

Na nimepita kweli! Miaka ishirini napita getini na majoho mgongoni, askari wananijua kwa jina. Bi. Achieng' akainua uso umeng'aa. "Kumbe! Baba na binti!" Nilikuwa na nafasi hapo, mama. Kama ya kuvuta pumzi moja. Niliona anavyosikia, nikamwacha asikie. Nikamwagizia chai.

Kijitabu kikatoka kimeandikwa kwamba familia yetu ni vizazi viwili vya chuo kile. Wewe ulikuwa Arusha kazini, ukafika moja kwa moja kwenye sherehe pale hotelini Upper Hill, hukuwa umekisoma. Mimi nilikuwa nimekisoma mara sita. Na mwenye sherehe alipopaza sauti kwamba baba wa balozi Mwanahawa naye ni mhitimu, asimame avishwe joho, nilisimama. Joho nililovishwa nililishona mimi. Bega la kushoto nililitambua. Watu wakapiga makofi, nikapunga mkono kama mgombea kiti, mzee mmoja mezani akaniuliza nilikuwa kitivo gani nikasema cha ushonaji, wakacheka wote wakidhani nafanya mzaha.

Wewe hukucheka. Ulikuwa jukwaani na beji yako, ukanitazama vilevile ulivyonitazama ukiwa na miaka tisa. Nikangoja useme. Kipaza sauti kilikuwa mbele yako. Ukakitazama, ukanitazama, ukanyamaza.

Yaliyofuata unayajua. Walikuwa wanataka kunifanyia wema tu, kuniingiza kwenye orodha ya wahitimu wa zamani ili tupigwe picha ya baba na binti. Wakatafuta jina langu kwenye vitabu vyao. Wakatafuta tena. Halafu Jumatatu wakakuita wewe.

Jana asubuhi Bi. Achieng' alikuja dukani. Hakukaa. Aliniambia, "Mzee, nimekuja kivyangu, si ofisi imenituma. Kamati ilimuuliza Mwanahawa jinsi hayo maneno yaliingia kwa kitabu. Amesema aliyasoma kabla hayajachapwa, akaona makosa, akayaacha. Amesema lawama ni yake."

Nikamwambia, "Hakuyasoma. Alikuwa Arusha."

"Najua. Mimi ndiye nilikosa kumtumia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme aje, mzee, na yeye mwenyewe ameshasema? Nitamuita muongo mbele yao?"

Nilivaa viatu. Nilienda naye mpaka chuoni, nikaingia ofisi ya kamati, na unajua kilichotokea? Katibu aliponiona alianza kucheka kabla sijafungua mdomo. "Profesa wa ushonaji!" Nikamwambia nimekuja kukiri. Akacheka zaidi, akamwita mwenzake aje asikie. Miaka yote nimewachekesha watu wa jengo lile, na siku niliyokuja na ukweli hawakuwa na pa kuuweka. Nilisimama pale na kofia mkononi mpaka wakagundua kwamba sicheki. Ndipo yule katibu akainamisha macho, akasema kamati itakaa Ijumaa saa nne kuamua kama beji inarudi. Mwenye la kusema anaruhusiwa.

Nikatoka nimefurahi. Nikasema, basi, Ijumaa nitasema, nimemwokoa. Nilifika mpaka kwenye ngazi, Bi. Achieng' akanishika mkono.

"Mzee, fikiria kwanza. Ukisema msichana hakujua, watauliza mbona yeye alisema alijua. Hapo itakuwa si wewe tena. Itakuwa yeye amedanganya kamati. Na kazi yake ni ya kuaminiwa neno."

Nimelala na hilo, nimeamka nalo, nimelileta dukani, limekaa hapa mezani kuniangalia. Nikinyamaza, wanakuvua beji kwa kosa langu, na chuoni wanakukumbuka kama mtu aliyeacha uongo uchapwe. Nikisema, wanajua ulidanganya kumficha baba yako, mkalimani aliyeongeza. Nimelipima kwa futi pande zote. Nguo ikizidi naipunguza, ikipungua naweka kiraka. Hii, mwanangu, haina pa kushika. Nimejaribu hata kuomba ushauri kwa Wekesa, bila kutaja jina, nikamwambia ni rafiki yangu mmoja. Akasema, "Huyo rafiki yako, Profesa, amefanya kitu mbaya. Lakini huyo msichana anampenda." Akarudi kwenye zipu zake.

Mimi sikulelewa kuandika mambo haya, kwa hivyo nitayaweka yanavyokuja. Sijakasirika nawe. Nimeogopa. Maisha yako yote umenipunguza mbele za watu ili nienee, na nilikuwa salama humo. Jumatatu ndiyo mara ya kwanza umeniongeza, na umetumia jina lako kama kitambaa. Usifanye hivyo tena. Si kwa sababu ni dhambi, hayo kamuulize maalim. Ni kwa sababu nilipomdanganya baba yangu, yeye ndiye aliyekwenda kubeba aibu msikitini, na mimi niliona nimebebwa nikazoea. Mtu kama mimi ukimbeba mara moja anatafuta mgongo wako kila siku. Ukifika huko Addis utakutana na wengine wa namna yangu, wenye suti na magari ya bendera za kweli. Watakuchekesha, watakupenda kwa dhati, halafu watakuomba uwasahihishie sentensi moja ndogo. Utamjua mtu huyo haraka. Umekula naye miaka ishirini na saba.

Na kingine. Nilipokuwa nasimama pale hotelini nimevaa lile joho, kwa dakika moja sikuwa naigiza. Nataka ulijue hilo kabla hujaondoka. Niliona kana kwamba ile karatasi ya matokeo ukutani imebandikwa upya na jina langu limo. Sitetei. Nakwambia tu kulikuwa na nini ndani ya nguo.

Pasipoti ya yule mama wa mitumba nilimrudishia leo asubuhi. Nikamwambia ubalozi wa binti yangu hauna muhuri, na nilijua tangu mwanzo. Hakunitukana. Aliifunga kwenye nailoni yake akasema, "Ningeenda kwingine hizo wiki zote." Nimeshaambiwa maneno makali zaidi na sikuyasikia hivyo.

Nimeandika nitakayoisomea kamati. Karatasi ya kwanza ilijaa pande mbili, kulikuwa na utani kuhusu kitivo cha ushonaji. Ya pili ilikuwa na majaji niliowavalisha. Ya tatu nililia ndani yake, nikaona hata kulia ni kujionyesha. Hii ni ya nne:

"Jina langu ni Athumani Bakari. Mimi ni fundi cherehani. Sikusoma chuo kikuu. Mtihani wa darasa la saba ulinishinda mara mbili. Niliulizwa nilikosomea nikajibu kwamba nilipita hapa, nikijua nitaeleweka vibaya, na nilitaka nieleweke vibaya. Binti yangu hakuyaona maneno hayo kabla hayajachapwa. Aliwaambia aliyaona kwa sababu mimi ni baba yake."

Sentensi mbili za mwisho nimezifuta na kuziandika tena, kama unavyoona karatasi ilivyochakaa. Hizo si zangu. Zikitoka kinywani mwangu zinakupiga wewe, na sina haki ya kukupiga halafu niite kukiri. Za mbele nitazisema hata ukinikataza, hizo ni deni la mdomo wangu. Hizo mbili nakuachia. Ukitaka nizisome, nizisome. Ukitaka kuwaambia mwenyewe kwa simu au kwa barua, basi ziwe zako. Ukitaka nizikate, nitazikata, ingawa nitaumwa kila nikikumbuka.

Nitakupa barua hii kesho asubuhi pale uwanja wa ndege, nawe utaisoma ukiwa juu, ambapo siwezi kukukatiza. Usinijibu haraka kwa kunihurumia. Una Alhamisi nzima. Nitumie neno moja tu, "soma" au "kata," na sitakuuliza sababu.

Ijumaa saa tatu nitakuwa kwenye lile benchi nje ya ofisi yao. Watapita wanaonijua, wataniambia Profesa hebu tuchekeshe. Nitakuwa nimefunga mdomo, simu mkononi, nakungoja wewe.

Babako,
Athumani